Shibiri ya Baba

Zinga,
Bagamoyo.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Joachim,

Marahaba. Naitanguliza kabla hujaniamkia, kwa sababu najua ukiuona mwandiko wangu utaanza kwa kuguna na shikamoo utaisahau. Hujambo wewe? Wifi yangu Sophia hajambo? Na yule mtoto wa kwanza, kifua chake kimepona? Wakati wa Pasaka uliniambia anakohoa, kisha hukusema tena, na mimi huku siwezi kujua kama ukimya huo ni wa kupona au ni ukimya wako wa kila siku.

Sisi tu wazima. Mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, lakini huo ni mgongo wangu wa siku zote. Shemeji yako Ferdinandi yupo, bado anaendesha lori la mchanga, na bado anarudi nyumbani na nusu ya mchanga huo kwenye viatu. Masika yamekatika, mihogo imesimama vizuri, na ule mnazi wa nyuma ya jiko uliokuwa ukitutisha umeanguka wenyewe upande usio na mtu. Baba anakula, analala, na kanisani anakwenda kwa miguu yake. Habari zake nyingine zinakuja.

Usishangae kupata barua. Simu tunayo na salio lipo. Aliyetaka barua ni Baba. Jana alinikuta nashona sketi za shule, akasimama mlangoni mpaka nikanyanyua kichwa, akasema, "Tekla, mwandikie mwenzio." Nikamwambia simu hii hapa, Baba, tumpigie sasa hivi. Akasema jambo lenyewe si la simu, maneno ya simu yanapita, anataka uwe na karatasi mkononi. Kisha akanipa sentensi moja ya kukuandikia. Moja tu, na hakutaka niongeze kitu.

Nitakuandikia sentensi hiyo mwishoni, kwa sababu nimemwahidi. Lakini karatasi nimenunua mimi na kalamu ni yangu, kwa hiyo kabla ya neno la Baba utasoma ya kwangu. Tafuta mahali ukae.

Joachim, bwawa lako limenichosha.

Nasema lako kwa sababu wewe ndiye uliyelianzisha, ingawa mwenye kuangalia mapovu yake kila siku ni mimi. Unakumbuka tulipomaliza matanga ya Mama, Baba alivyokuwa amekaa tu akitazama ukuta. Mwashi mzima, mtu aliyejenga nusu ya Zinga hii, anautazama ukuta kama hajui umesimamaje. Wewe ulikuwa na likizo, ukachukua jembe, ukamvuta mkono mkaenda kule bondeni penye magimbi, mkachimba. Baba akapata jasho, akapata hamu ya kula, akaanza kutugombeza tena. Kwa hilo nilikushukuru na ninakushukuru hadi leo, tena naliandika hapa ili baadaye usiseme kwamba barua nzima ilikuwa matusi.

Kisha ukaleta vifaranga vya perege kwenye mifuko ya nailoni, mkavimwaga, na kabla maji hayajatulia ukatoa amri na ahadi. Amri ilikuwa kwamba samaki yeyote asiyefika shibiri ya Baba asiliwe, arudishwe majini akakue. Ahadi ilikuwa kwamba samaki wakishafika shibiri utakuja kutoka Mwanza, muwavue pamoja wewe na yeye.

Kama ungesema futi, au kilo, labda tungepona. Lakini ulisema shibiri, na unamjua Baba na shibiri yake. Mafundi wengine wana futi kamba, yeye ana mkono. Milango yetu yote, madirisha, jiko la jirani yetu Dija, kila kitu kimepimwa kwa ule mkono uliotanuliwa, kuanzia ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Na ukishapima hakuna kubembelezana. Lile jiko la Dija alilibomoa ukuta mmoja na kuujenga upya kwa sababu ulipungua nusu ya upana wa kidole, na Dija mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamishia masufuria. Mtu wa namna hiyo wewe ukampa sheria ya samaki, ukapanda basi ukaenda zako.

Mwaka wa kwanza wachache walifika. Baba alikupigia mwenyewe, alikuwa amevaa shati safi kukupigia simu, akakwambia wamefika. Ukamjibu hao ni wachache, ngoja wafike wote, nikija tuvue bwawa zima. Basi wale wachache tukawala sisi, wengine akapelekewa Padre, na tangu siku hiyo hajafika hata mmoja.

Sasa nikueleze tunavyoishi. Kila Jumamosi Baba anashuka bondeni na ndoana. Hana haja ya kungoja, akitupa tu amepata, maana bwawa limejaa hadi linatisha. Anamtoa samaki, anamlaza mkononi, pua kwenye ncha ya kidole gumba, mkia anaunyoosha taratibu. Mkia unaishia katikati ya kiganja. Anamrudisha. Anatupa ndoana, anapata mwingine, katikati ya kiganja, anamrudisha. Asubuhi nzima. Kisha anapanda nyumbani, ananawa, ananiambia bado, kana kwamba nilikuwa nimeuliza.

Wageni wakija wanalisifia. Ukimwaga pumba maji yanachemka kwa samaki, na watu wanasema mzee umebarikiwa. Baba anafurahi. Mimi nimesimama pale na ndoo ya pumba, naona maelfu ya samaki wote urefu wa kidole changu cha kati, na natamani kulia.

Na wewe hukutuonea huruma. Ukaanza kututumia picha umesimama kwenye mwalo, huko ziwani wanakoshushia samaki, umebeba sato kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Baba anaishika simu yangu mbali na macho, anaitazama, analitazama bwawa, ananiuliza, "Huyu wa Joachim anakula nini?" Tukaongeza chakula. Pumba, mashudu ya alizeti, mchicha, majani ya magimbi. Kuku wangu walikonda kwa ajili ya samaki wako. Matokeo yake samaki hawakuongezeka urefu, waliongezeka idadi. Kila tulichowalisha walikitumia kuzaa.

Mwaka jana, vuli zikikaribia, nilimwomba bwana samaki wa wilaya aje atutazamie. Akaja na pikipiki, kijana mpole, akavua viatu, akaingia majini hadi magotini, akashika samaki kwa mkono mtupu bila hata kujaribu. Akasema mzee, shida yako ni msongamano. Hawa ni wengi kuliko bwawa. Wanagombania hewa na chakula, na wakiona hali ngumu wanaanza kuzaa wakiwa wadogo, basi wanazidi kuwa wengi na wanazidi kudumaa. Unaowarudisha ndio ulipaswa uwatoe. Punguza, bakiza wachache, tia na kambale wawili watatu wawapunguzie vitoto, ndipo utavua samaki wakubwa.

Maneno yalinyooka, na mimi niliyaelewa nikiwa nimesimama juu ya tuta. Baba alimshukuru, akamfungia nazi, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi akaniambia, "Kijana mzuri. Lakini Joachim anashinda na samaki kutwa."

Nikamwambia Joachim anashinda na minofu, Baba. Yuko kwenye kiwanda cha minofu, samaki anamfikia hana kichwa wala mkia na amelala juu ya barafu. Akanipa kisogo. Hakuzungumza na mimi mpaka kesho yake.

Nikakupigia. Unakumbuka hiyo simu, au utaniambia hukumbuki. Nilikueleza kila kitu alichosema bwana samaki, nikakuomba neno moja tu, umwambie Baba kwamba amri yako imefutika. Huko kwako kulikuwa na kelele za mashine. Ukasema, "Mwambie Mzee avumilie, samaki wanataka subira." Simu ilikuwa kwenye spika, Joachim. Baba alikuwa amekaa pembeni yangu. Tangu hapo ndani ya nyumba hii sina pa kupita, nikifungua mdomo juu ya bwawa naambiwa subira. Nilitaka kuitupa ile simu humo humo bwawani, sema tu ingewaongezea msongamano.

Ferdinandi, ambaye unajua huwa hataki kujiingiza, alinionea huruma. Siku moja alipeleka mzigo Mkange akarudi na kambale wanne kwenye ndoo, amefunika kanga yangu niliyokuwa naitafuta. Baba akafunua, akaona ndevu, akafunika. Akauliza, "Huyu si ndiye anayekula watoto wa wenzake?" Ferdinandi akakiri kwamba ndiye. Baba akasema kwenye bwawa lake hawezi kuingiza jambazi. Basi ndoo ikaachwa karibu na banda la kuku mpaka asubuhi tuamue. Mvua ikanyesha, ndoo ikajaa, na kambale kama unavyowajua wakatembea. Mmoja Dija alimkuta kwenye beseni lake la kuoshea vyombo. Alimkaanga, akatuletea kipande cha mkia, akatuomba kwa heshima zote mifugo yetu tuwe tunaifungia.

Hapo ndipo nilipoamua kuiba.

Ilikuwa Kwaresima, Ijumaa ya kwanza. Baba alikwenda Njia ya Msalaba. Mimi nilisema mgongo unaniuma, Mungu anisamehe, nikamwita Dija. Yeye anakaanga samaki pale kituoni barabarani, unamjua, na kwake samaki mdogo si tatizo, anamkausha mafutani na ndimu na pilipili mpaka mifupa inatafunika. Alikuwa na kokoro la kuazima, ule wavu wa kukokota. Tukaingia majini wanawake wawili wazima, kila mmoja na upande wake, tukavuta mara moja tu na mabeseni yote yakajaa.

Ibada iliahirishwa siku hiyo kwa sababu Padre alikuwa na msiba. Baba akarudi. Alitukuta tumelowa mpaka shingoni, samaki wanarukaruka kwenye mabeseni, na Dija akaanza kumwamkia shikamoo mzee, shikamoo mzee, kana kwamba zikiwa nyingi zitasaidia.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa chini kwenye tope na suruali yake ya kanisani, akavuta beseni la kwanza, akaanza kuwarudisha mmoja mmoja. Na kila mmoja, Joachim, kabla ya kumrudisha, alimpima.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Unawapima wa nini, Baba? Si unaona kwa macho kwamba ni wadogo?"

Akasema, "Lazima wapimwe. Huenda yumo aliyefika. Mwenzio anangoja."

Ndipo nikautazama mkono wake. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, namwandalia maji, namshonea vifungo, na sikuwa nimeutazama mkono wake. Hautanuki tena. Vidole vimejikunja kama vinashika kitu kisichokuwepo, na kidole cha mwisho kimelala kabisa. Anajitahidi kuvifungua, unaona anavyouma meno, havifunguki. Ile shibiri ya kujengea nyumba haipo. Inapungua mwaka hadi mwaka, na samaki wako hata hiyo iliyopungua hawaifikii. Hasira zilinipanda pale pale, wala hazikuwa kwake. Zilikuwa kwako, na nusu ya barua hii ni zile zile, zimekaa tu zikasubiri kalamu.

Maana unajua alichokuwa akikipima. Kila akikuuliza kwenye simu utakuja lini, unamjibu, "Samaki wamefika shibiri, Mzee?" Halafu unacheka. Kwako ni utani wa kukwepea swali. Yeye hacheki. Anakata simu anachukua ndoana. Miaka minne anashuka bondeni kutafuta samaki wa kukuleta nyumbani, na anawarudisha kwa sababu ulimwambia arudishe, na kwa kuwarudisha ndivyo wasivyokua. Nikilifikiria sana hili kichwa kinaniuma.

Lakini acha nimalize habari ya siku ile. Alipofika katikati ya beseni alimshika mmoja, mdogo kuliko wenzake, mashavu yamemjaa. Akamlaza mkononi kumpima kama kawaida. Yule samaki akafungua mdomo, akatema vitoto. Vingi, vidogo kama mbegu za ufuta, vyenye macho, vikatapakaa kiganjani mwa Baba kwenye yale maji kidogo. Perege jike huwa anawaatamia kinywani, bwana samaki alitueleza, lakini kuelezwa na kuona ni vitu viwili.

Baba akasema polepole, "Tekla, huyu ana watoto."

Nikamwambia, "Ndiyo Baba, ana watoto."

"Mbona mdogo hivi?"

"Si mdogo, Baba. Ni mtu mzima. Amekosa nafasi akakomea hapo. Hata ukimrudisha kesho na kesho kutwa, huo ndio ukubwa wake."

Akauzamisha mkono majini taratibu, vitoto vikaondoka na mama yao. Akabaki ameushikilia mkono ndani ya maji. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nawarudisha watu wazima." Kisha akasema, "Na Joachim anawangoja hao hao wakue." Dija alijifanya anakunja kokoro.

Akainuka kwa kunishika bega. Mabeseni yaliyobaki akayasukuma kwa mguu kuelekea kwa Dija, akasema, "Nenda kakaange."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyetusimamia. Kama kawaida yake, jambo alilolikataa kwa nguvu zote akalifanya kwa nguvu zote. Tulivuta kokoro kila baada ya siku chache, naye juu ya tuta anatoa maelekezo kama tunamwaga zege. Ijumaa za Kwaresima waumini wote wa kigango walikula perege wetu wadogo, na Ramadhani ilipoingia Dija akawapeleka kwenye futari, misikiti ya huku inawajua kwa jina la Baba, perege wa Mzee Anselmi. Paka wa Zinga wamenenepa. Mimi harufu ya samaki haijanitoka kwenye nywele hadi leo, na kuna mteja aliyenirudishia gauni la harusi nilifue kabla hajalivaa.

Kambale wengine nao wameingia, watatu tu. Baba hawaamini. Kila asubuhi anakwenda kuwatafuta kwa macho, akiona ndevu zimechomoza anasema, "Nimekuona." Sijui anadhani watajirekebisha.

Bwawa sasa limetulia. Ukimwaga pumba maji hayachemki, unaona vivuli vichache vinapanda taratibu vinakula vinashuka. Wageni hawalisifii tena. Wiki iliyopita mmoja aliuliza kama samaki wamekufa, Baba akaumia siku nzima. Lakini waliobaki wanakua, Joachim. Nimeshuhudia mwenyewe. Wamepata mgongo, wamepata tumbo, ukiwashika wanakupiga na mkia unasikia uchungu. Mwezi uliopita walikuwa wamevuka kiganja. Bwana samaki alipita akasema tukiwaacha hivyo, Noeli haitafika kabla hawajaifika shibiri, tena ya mtu mwenye mkono mzima.

Nilifurahi, nikafikiri basi tumemaliza, tusubiri Noeli. Baba akauliza, "Noeli ni lini?" kana kwamba hajui. Kisha akautazama mkono wake mbele na nyuma, akaenda kulala mchana, jambo ambalo halifanyi.

Jana ilikuwa Jumamosi. Alishuka na ndoana, na mimi nilikuwa nimeshuka kuchuma magimbi, yeye hakuniona. Alikaa sana mpaka akapata. Akamlaza mkononi. Samaki alipungua upana wa vidole viwili, niliona vizuri kabisa kutoka pale nilipokuwa, na yeye pia aliona. Alijaribu kuvifungua vidole, akavikunja, akajaribu tena. Akamtazama yule samaki, kisha akamrudisha majini na akakusanya vitu vyake. Nilimtangulia nyumbani kwa njia ya nyuma nikakaa kwenye cherehani. Ndipo alipokuja kusimama mlangoni na kunipa sentensi yake.

Nikamuuliza, "Una hakika, Baba?"

Akasema, "Andika hivyo hivyo."

Sasa sikiliza, maana nimebakiwa na nafasi ndogo. Mwanza si mwezini. Basi linaondoka huko alfajiri, na ukishuka Dar unapata gari la Bagamoyo mlango kwa mlango, unashuka Zinga hapa hapa penye karai la Dija. Usiniandikie kwamba kazi ni nyingi. Minofu haitaharibika, iko kwenye barafu. Na usiniulize anahitaji nini nikuagize umtumie, kwa sababu hahitaji kutumiwa kitu.

Mpe Sophia salamu zangu, mwambie kitenge alichotaka kimeshonwa na kiko hapa, aje akichukue, sikitumi kwa gari. Wabusu watoto, na yule anayekohoa mpake mafuta ya nazi kifuani. Clara wangu anawasalimu kutoka Dar, anauliza kama mjomba wake bado yuko hai. Ferdinandi anakusalimu na anasema yuko tayari kukufuata stendi na lori. Dija anakusalimu sana, anasema samaki wako walimlea Ramadhani nzima. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na Mama huko alipo akuombee akili, mimi nimejaribu nimeshindwa.

Na hii hapa sentensi ya Baba, kama alivyoisema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Joachim, samaki wamefika shibiri."

Hawajafika, mdogo wangu. Yule mtu aliyembomolea Dija ukuta kwa ajili ya nusu ya kidole amewaongezea samaki vidole viwili. Panda basi.

Dada yako anayekupenda hata akiwa amekukasirikia,

Tekla